Joto la Nani

Pakiti tatu juu ya meza ya plastiki,
nami na miwani niliyoifunga uzi.
Ya kwanza ina kichwa cha duara, kimejikunja
kama ngumi ya mtoto aliyeficha peremende.
Ya pili majani mekundu, mawimbi pembeni.
Ya tatu imesimama wima, ndefu, haicheki.
Zote zimeandikwa mgongoni: Inavumilia joto.

Joto la nani? nilimuuliza Ng'wandu dukani, Rwagasore.
Akacheka, akanirudishia chenji.
Maana joto la Mabatini lina wenyewe:
jua hushuka ziwani saa moja kasoro,
lakini mawe hayashuki nalo.
Egemea lile la nyuma ya jiko saa nne za usiku,
utadhani ndani yake kuna mtu ana homa.

Mwaka juzi nilipanda hiyo ya duara. Niliipendea picha.
Siku ya thelathini ikarefuka shingo
kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya ukutani,
ikachanua kabla sijala hata jani.
Nikavunja shina: maziwa meupe, uchungu wa klorokwini.
Wifi yangu Kwandu, aliyekuja na fungu la matembele,
akatazama, akasema:
"Wifi, hata sungura ana heshima yake."

Sikubishana. Matembele hayana maswali.
Unachomeka kikonyo, unageuka, yamejaa.
Lakini marehemu alipenda saladi.
Aliizoea jikoni kwenye meli ya mizigo, safari za Port Bell;
aliikata nyembamba, chumvi, ndimu, kitunguu,
akaila na sato wa kukaanga, macho kayafumba.
Nami nilikuwa namcheka.
Hilo ndilo deni ninalolipa.

Kwa hiyo:
ya duara, narudisha. Inataka baridi ya Lushoto, mimi sina.
Nyekundu, nusu pakiti, chini ya mpapai,
kwa kuwa macho nayo yana njaa.
Ndefu isiyocheka, hiyo hasa.
Niliila kwa Mama Nyanzobe, Nyegezi, mwezi wa pili, jua kali;
ilikuwa na siku hamsini na bado haijataka kuolewa.

Mbegu nazifunga kwenye kitambaa kibichi,
nazilaza siku mbili kwenye friji ya jirani
kati ya sato na soda za watoto.
"Unazidanganya," anasema jirani.
Nazidanganya. Naziambia hapa ni Lushoto.
Kisha jioni, upepo wa ziwa ukianza kupanda mlima,
nazinyunyiza juu juu ya udongo.
Hazitaki kuzikwa, hizi. Zinataka kuona mwanga.

Na mche utakaochelewa kuliko yote kurefuka shingo
sitaukata.
Nitauacha utoe vimaua vyake vya njano,
nitakung'uta mbegu kwenye chupa ya dawa ya kifua,
nibandike karatasi, niandike kwa mkono wangu:
Joto la Mabatini.