Bahasha ya Namba Saba

Vifungo vitano. Hicho ndicho kipimo chetu.
Shati jeupe la shule juu ya meza,
saa ya ukutani, kalamu yangu,
na Yaredi, miaka saba, mikono masikioni
kwa sababu ng'ambo ya barabara
mashine za kusaga za Kibaigwa zimeamka.

Mikono iliyoziba masikio haifungi vifungo.
Ukitaka kuielewa kazi yangu, anzia hapo.

Utafiti ulikuja kutoka mjini na sanduku la hedifoni:
wiki kumi na mbili, nusu saa asubuhi, nusu saa jioni,
watoto kumi na sita,
wanane muziki, wanane kimya,
na mimi nisijue nani kapewa nini,
maana mpimaji akijua, jicho hupendelea.

Niligombana nao juu ya muziki wenyewe.
Walileta fidla laini, za nchi yenye theluji.
Nikasema, mtoto wa Ugogo
amefundishwa mtikisiko tangu mgongoni mwa mama.
Wakakubali. Mjomba Hoseya akaja na zeze lake,
tukamrekodi stoo ya kituo cha afya,
magodoro tumeyaegemeza mlangoni
malori ya Singida yasiingie.
Alikohoa mara moja, dakika ya tisa. Tukakiacha.

Wiki ya tatu Yaredi alifunga kimoja.
Wiki ya sita viwili, mkono mmoja ukirudi sikioni
kama kuku anayerudi kutazama mayai.
Wiki ya kumi, mashine zikinguruma, vinne.
Nikampigia mjomba simu:
zeze lako linafunga vifungo!
Akacheka mpaka akakohoa, kikohozi kilekile.

Kisha bahasha zikafunguliwa.
Namba saba: kimya.

Nikaigeuza karatasi, labda nyuma kuna neno.
Nyuma palikuwa peupe.

Sechelela, mama yake, alikuja na unga kwenye nyusi.
"Nilijua," alisema.
"Siku ya pili nilitia sikio langu mle.
Hamna kitu. Kibuyu kitupu.
Nikanyamaza, usije ukazichukua."

Sikuwa na swali, nilikuwa na mdomo wazi tu.

"Karatasi yako ilisema mzazi akae karibu,
asishike kazi nyingine. Nikampelekea tajiri wa mashine.
Akatazama muhuri, akaguna, akaniachia.
Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni.
Tangu nizaliwe, hakuna aliyenigongea muhuri nikae.
Basi tulikaa. Yeye aliegemea hapa,"
akagusa mbavu zake,
"na mimi nilikuwa napumua."

Ripoti nimeiandika bila chumvi.
Wa muziki walipanda. Wa kimya walipanda.
Tofauti yao haijazi kiganja,
na watoto kumi na sita ni wachache mno
kusema ndiyo, wachache mno kusema hapana.
Pembeni, kwa penseli, nimeongeza:
*aliyekaa na mtoto, naye apimwe.*
Wakubwa watakifuta. Penseli ndiyo kazi yake.
Mjomba sijamwambia.

Usiku mmoja nilizivaa mwenyewe, zile za namba saba.
Nilitegemea kimya.
Kumbe mle ndani kuna mshindo,
mdogo, wa karibu, haukosei,
nikakaa nao hadi uji ukaungua jikoni.

Jumatatu nimemwona akienda shule,
anapita mbele ya mashine, mikono mfukoni.
Vifungo vinne vimefungwa,
kila kimoja kwenye tundu la jirani yake,
cha tano kimebaki nje kikitazama barabara,
ukosi mmoja umepanda, mwingine umeshuka.

Sikumsimamisha.