Sukari Haijafika

Walikuja mwezi wa tatu, vishada vimeinamisha waya,
wakashuka kwenye gari lao jeupe, mlango wakauacha wazi.
Bwana Kisinza akachuma punje moja, akaitafuna,
akatema kokwa, akatazama kwingine.
Akatoa kidude chake, akakamulia tone, akakiinulia juani.
"Sukari haijafika, mama Perisi."
Kisha akanyamaza.
Kimya kile kilinishusha shilingi mia nne kwa kilo
kabla sijafungua mdomo.

Nasahau hata siku walizozaliwa wanangu.
Kimya kile sikukisahau.

Mwezi wa tisa, msimu wa pili ukishalipwa,
nikaingia yadi moja ya Kizota na Mesaki, mtoto wa dada,
fundi pikipiki, grisi ya kuchani ndiyo cheti chake.
Kijana akatujia mbio, Adeltus, kiatu kimechongoka.
"Mbukwenyi, mama!"
Si Mgogo huyu. Kajifunza neno moja tu,
la kufungulia mkoba wangu.

Vigari vitatu, vimeoshwa mpaka vinaona haya:
Passo ya rangi ya maziwa, Vitz ya bluu, IST nyekundu.
"Zote mpya," akasema.
Mpya vipi, na kiti cha dereva kimeshashika umbo la mtu?
"Mpya hapa kwetu, mama. Haijakanyaga lami ya Bongo."
Kwenye kidroo cha Vitz nikakuta karatasi,
maandishi kama vijiti vya kiota;
risiti ya nini, sijui: mchele, dawa, maua ya msiba.
Nikairudisha. Haikuwa yangu.

Passo hainywi, aliapa, lita moja kilomita ishirini;
lakini ina mitungi mitatu, na Mesaki akacheka peke yake.
IST imenyanyuka, korongo la kwetu ingelivuka
bila kujikuna tumbo. Bei nayo imenyanyuka.
Vitz ni mtoto wa kati, haina la kujisifia,
ila inawaka mara moja,
na viti vya nyuma vikilazwa, inameza kreti sita.
Nilikwenda na kreti yangu tupu, mkononi. Nilipima kweli,
watu wa yadi wakitazamana.

"Kumi na nne na nusu."
Nikakwaruza bodi kwa ukucha. Nikanusa chini ya zulia.
Nikafungua boneti, nikaifunga, nikatazama kwingine.
"Hii," nikasema, "sukari haijafika."
"Nini, mama?"
Nikanyamaza.

Akaongea yeye.
Akashuka laki tano kwa heshima yangu,
laki tatu kwa kuwa ni Jumamosi,
akasema tajiri atamfukuza, hapo hapati hata ya soda,
akaongeza matairi mawili, akaongeza na usajili.
Nikachukua kreti, nikaelekea getini
taratibu, kama mtu mwenye goti.
Hatua ya kumi na moja, akaniita.
Kumi na mbili na laki nane.

Alipoandika stakabadhi niliuona mkono wake:
anabonyeza kalamu kama ninavyoibonyeza mimi
nikitia saini daftari la Kisinza.
Nikatafuta neno la kumwambia. Pesa nilikuwa nimeshahesabu.
Nikamwachia elfu ishirini ya chakula, akaipokea bila kunitazama.
Hata mimi soda ya Kisinza
huinywa nikiwa nimeipa mizabibu uso.

Tulipopita Bihawana, kiyoyozi kikinipuliza shingoni
kama mtu ninayemdai,
kitu huko chini kikaanza: tiki, tiki, tiki.
Mesaki akatega sikio. "Mama mdogo..."
"Nimesikia."

Maneno yote yale, Adeltus,
na hili ukalinyamazia.