Mstari wa Nne

Olmotonyi walinifundisha kwa misonobari.
Baridi ya asubuhi, sweta la kuazima,
mwalimu akibandua koni kwa kidole gumba:
"Kila mbegu imebeba jua lililomlea mama yake.
Joto likizidi, mti hauna miguu.
Basi tuwe miguu yake:
tuitoe mbegu bondeni, tuipandishe mlimani,
ikachanganye damu na ndugu zake wa baridi."

Mimi Mize binti Kombo, wa Mtambwe,
niliandika yote, kisha nikanyosha mkono:
kwetu hakuna mlima.
Ukishuka kilimani hatua mia nne
umeshakanyaga tope la mikoko.
Mti wetu tuupandishe wapi?
Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.
"Basi," akasema, "tafuta uliokwisha kuteseka."

Nimeutafuta miaka miwili.
Vuli ilichelewa mwezi mzima,
masika yakamwagika siku tisa, yakakatika,
na mikarafuu yetu ikakauka kuanzia kileleni,
tawi baada ya tawi,
kama nyumba inayozimwa taa chumba kwa chumba.
Baba aliihesabu kwa mkaa ukutani.
Alipofika thelathini na mmoja akautupa mkaa.

Niliupata Kiuyu, ukingoni mwa maweni,
mahali ambapo mkarafuu hauna haki ya kuwapo.
Mgongo umepinda, gome limechubuka,
jirani zake wanne ni visiki.
Bi Hidaya, mwenye shamba, aliona haya kunionyesha:
"Huo hauna faida, mwanangu.
Haujapata kunijazia pishi tatu."
Nikaupanda. Nikachuma mpeta
nikazifunga kwenye kitambaa kibichi,
maana mbegu ya karafuu haijui kusubiri;
wiki moja nje ya tunda, imekufa.

Baba alizitazama pale mezani
kama posa iliyoletwa na watu wasiojulikana kwao.
"Mbegu huchaguliwa kwa mama mnene.
Huu wangu wa mlangoni
ndio ulioezeka nyumba hii bati.
Leo waniletea mtoto wa kibiongo?"

Sikumjibu. Jibu langu lilikuwa viriba:
mia mbili vya Kiuyu,
mia mbili vya mlangoni kwetu, mstari wa nne,
na vingine vya Chwale, vya Kangagani,
kwa sababu mti mmoja, hata ukiwa shujaa,
ukizaa shamba zima peke yake
ugonjwa mmoja utatosha kulimaliza.

Miche ilipotimiza miezi saba nikafunga maji.
Ndio mtihani wenyewe:
siku ishirini na moja, bila tone, na daftari.
Siku ya nane mstari wa nne ukainamisha majani.
Siku ya kumi, baba hakumaliza uji wake.
Siku ya kumi na mbili, alfajiri,
mstari wa nne umesimama wima,
udongo umelowa, mweusi,
na kati ya viriba alama za ndara,
ya kushoto imekatika kisigino.

Ndara naijua.
Mwenyewe alikuwa barazani
akikaza mpini wa jembe usiolegea.
Hakusema. Sikusema.

Siku ya ishirini na moja nikahesabu.
Wa Kiuyu nao wamekufa, tena wengi.
Waliobaki ni sitini na mmoja,
majani madogo, magumu, ya kijani kizito.
Maua ni miaka saba mbele, Mungu akipenda;
ndipo tutajua kama anayeweza kiu
anaweza pia kunukia.

Ikabaki safu moja tupu kwenye jedwali.
Sheria naijua: mstari ulioharibika
huondolewa kwenye hesabu.
Nikauondoa, kwa wino, kwa rula.
Kisha pembeni, kwa penseli,
nikaandika herufi ndogo:
*Mstari wa nne. Mvua, usiku.
Kiasi: ndoo moja.*