Siyochao

Kwenye pasi yake ya kusafiria aliitwa Murdo Kinnaird.
Sisi wa Maweni tulimwita Siyochao,
maana watoto wa Malindi wakiona ngozi nyeupe
hupaza sauti, "Chao! Chao!"
naye husimama katikati ya njia,
uso umemwiva kama pweza wa kuchemsha:
"Siyo chao! Mskoti mimi, Mskoti!"
Siyo chao. Cha nani basi?
Jina likaganda.

Mimi ndiye niliyeandika.
Famau, karani wa ligi ya mtaa,
kalamu ya buluu kwa mabao, nyekundu kwa kadi.
Siandiki nisichokiona.
Ndiyo maana ukurasa wake ulinitesa.

"Ulifunga mangapi kwenu?" nilimuuliza
mwaka ule alipokuja na goti lililofungwa bendeji
na kikapu cha mipira saba isiyo na pumzi.
"Themanini."
Mwaka uliofuata, tisini na nne.
Siku moja ya masika, Sabaki imemwaga udongo wake baharini
mpaka mawimbi yana rangi ya chai ya maziwa,
alifika mia moja na kumi na mbili,
na hakuwa amecheza hata dakika moja.
Niliandika kwa penseli.

Mengine aliyasema mara moja tu.
Kwamba baba yake alikausha samaki kwa moshi,
na shati la shule likamnukia hadi darasani.
Kwamba uwanja wao ulikuwa na mteremko,
ukiupiga mpira juu, upepo hukurudishia
kama barua isiyo na stempu.
Kwamba siku ya fainali, dakika ya themanini na nane,
aliuweka mpira kwenye nukta ya penalti,
akarudi hatua nne,
akapiga...
Hapo hunyamaza.
Hapo huinama kufunga kamba ya kiatu
iliyokwisha fungwa.

Mcheza kwao hutunzwa, wanasema.
Huyu alitunzwa skrubu mbili ndani ya goti
na saa ya ukutani.

Lakini ungemwona saa kumi na moja uwanjani,
akimfundisha Nyevu, binti wa muuza mahamri,
kumpa beki mgongo:
"Usitazame mpira. Tazama pale mpira utakapochoka."
Kiswahili chake kilikuwa na miba, ila nyama ilikuwemo.
Nyevu akageuka. Tobo. Wavu.
Mzungu akarusha kofia yake juu ya mkwaju,
ikakaa huko wiki mbili,
kunguru wakaijaribu kama kiota.

Alifariki Juni, usingizini.
Dada yake akatuma kitabu cha klabu,
kizito kama tofali.
Nikatafuta K. Kinnaird, M.
Mechi mia mbili na nne.
Mabao kumi na tisa.

Nikaendelea kusoma, maana karani hasomi nusu.
Fainali. Dakika ya themanini na nane.
Penalti imekoswa,
na aliyeikosa ni mtu mwingine, jina jingine kabisa.
Kinnaird, M.: benchi. Hakuingia.

Mabao ya kujipa nayaelewa.
Nani hajaongeza chumvi kwenye ujana wake?
Lakini kosa?
Mtu akope hata kosa,
alibebe miaka thelathini, alivukishe bahari,
aliinamie kila jioni kwenye kamba ya kiatu,
ili tu awe alikuwepo?

Jana Nyevu kaniuliza. Ameitwa kufanya majaribio Mombasa,
ana haraka, soksi moja juu, nyingine chini.
"Karani, Siyochao alifunga mangapi hasa?"
Kifutio kilikuwa mfukoni, kimekauka kama mbata.
Nikamwambia, "Pandisha soksi."

Kiatu chake cha kushoto bado kiko kwa fundi Menza,
soli imebandukia ubavuni. Hakuna aliyelipa.
Tuliwaandikia wa kwao: tukitume?
Wamejibu, kwa adabu, kaeni nacho.
Siyo chao.