Kifundoni

Saa kumi na moja u nusu, gatini Wete,
kijana wa kalamu nyeusi ananishika mkono,
anaandika 212. Wino unateleza juu ya mafuta ya nazi.
"Umri?" Arubaini na tatu.
"Kazi?" Hilo halimo kwenye fomu, kauliza tu.
Mkunga. Hapo juu, hospitali hiyo, wodi ya mwisho.
Akaniangalia tena. "Basi huenda ni wewe uliyenipokea."
Huenda. Niliwapokea wengi.
Sikuwaandika namba, niliandika saa tu.

Mama hakuja. Jana kasema, huku anakuna nazi:
wanawake wa kwetu huingia pwani maji yakitoka,
hurudi na kombe, na chaza, na pweza wa mchuzi.
Wewe waingia maji yamejaa. Watoka na nini?

Nimetoka na chumvi puani
na konyeza aliyenikonyeza shavuni.
Kilomita mbili kasoro.
Kuogelea nimejifunza na miaka thelathini na minane,
nyuma ya mikoko, usiku, Zuwena kashika taa.

Baskeli kaiunga Faki, fundi wa Limbani:
fremu ya Mjapani, gurudumu la mtalii aliyeghairi,
breki, ah, breki tumwombe Mungu.
Tisini, na Pemba haijui tambarare.
Njia ya zamani, kona juu ya kona,
hadi Chake na kurudi, kisha Konde,
karafuu zimeanikwa mikekani, zimekula nusu ya lami,
nami napita kama uzi kwenye tundu ya sindano,
pua imejaa harufu, mapafu yanaomba talaka.

Ziwani mtoto kaniona, kapiga ukelele:
"Mkunga! Mkunga mbio! Nani kashikwa na uchungu?"
Mie, nikasema. Mie!
Baraza zima likacheka.

Mlimani dua ndefu haziwezekani.
Nilichokuwa nacho ni maneno ya kazini:
bado,
bado, vuta pumzi,
usisukume bado,
haya sasa.
Sasa, mama. Sukuma.

Miaka ishirini na moja nawaambia wenzangu hivyo,
nimesimama kwa miguu yangu miwili, nimevaa glovu.
Sikujua neno lile lina uzito gani
kwa anayeambiwa.

Mbio zilianzia Konde. Mbio ni jina tu.
Msitu wa Ngezi ukanifunika kama mkungu na chungu chake,
popo juu wamelala kichwa chini, hawana habari.
Bwana mmoja wa Arusha akanipita, akatapika, nikampita,
akanipita, akakaa juu ya gogo, akanipa tende.
Hatukuulizana majina.
Mnara wa Kigomasha, geuka. Mchanga.
Kidole gumba kilikufa kilomita ya kumi na nne,
nilishakizika.

Vumawimbi, saa tisa na dakika kumi na moja.
Mwisho ulikuwa saa tisa.
Tao limetolewa upepo, limelala kama nguo za kufua.
Zulia la kuhesabia limekunjwa, limo nyuma ya gari.
"Pole, mama," kasema kijana, yule yule wa kalamu.
"Muda wako umekwisha."

Nimekesha na wanawake siku mbili, na usiku wa tatu.
Hata mmoja sijamwambia neno hilo.

Sikumjibu. Nilishika ubavu wa gari,
kwa mkono wa pili nikaunyanyua mguu wa kushoto,
ule wenye kipande kifundoni,
taratibu, kama mguu wa mtu mwengine,
nikauweka juu ya zulia lililokunjwa.

Kimya. Mawimbi.
Kisha likalia: tii.

"Betri hatujaizima," akasema, kama anayejitetea.
Akaipapasa kalamu mfukoni.
Akatazama saa.
Akaandika.