Mlango wa Nekesa

Jumapili, Kibuye, jua halijapanda,
wanalikata robota kwa wembe
na harufu ya dawa ya nondo inatangulia kutoka
kama mgeni asiyejua hodi.
Mikono kumi inaingia kwa pamoja.
Wenye pesa huchukua kamera,
ndivyo tunavyoziita zile zisizo doa wala kovu,
zilizovaliwa mara moja huko zilikotoka, au hata hazikuvaliwa.
Mimi nilikuwa na shilingi mia tisa.
Kamera zilipita juu ya kichwa changu.
Nikainama nikaokota fagia:
mashati sita, gauni mbili, sketi,
na koti la sufu lisilo na kifungo cha tatu.

"Koti, Kisumu hii?" akacheka Odidi wa cherehani.
"Utamvisha nani, samaki wa kwenye barafu?"

Nikafua. Nikafua tena. Nikaanika Nyalenda
kwenye kamba tunayogawana nyumba tano,
nikakaa chini yake na kigoda, nikilinda.
Mfukoni mwa koti kulikuwa na tiketi ya basi,
lugha siijui, maandishi yamepauka,
imebaki namba kumi na saba tu.
Nimeiweka kwenye kopo la sukari. Sijui kwa nini.

Simu yangu ina ufa katikati ya kioo.
Kila nguo niliyoipiga picha ilionekana imepasuka,
mpaka nijikumbushe: ufa ni wangu, si wa nguo.

Ukuta wangu una masizi.
Lakini mlango wa Nekesa!
Marehemu mumewe aliupaka buluu
mwaka waliohamia kutoka Webuye,
rangi iliyosalia kazini, akaibeba kwenye chupa ya soda.
Saa nne asubuhi mwanga huuangukia mshazari.
Nikaomba msumari mmoja.
"Piga," akasema, "ila nikitaka kutoka, natoka."
Ndiyo maana katika picha ya gauni la maua
kuna vidole vinne ukingoni.

Nikaandika: Shati. Kifua inchi arobaini na mbili.
Doa dogo la wino kwapa la kushoto,
ukiinua mkono ndipo linaonekana.
Odidi aliposoma akashika kichwa:
"Nani hutangaza kidonda cha ng'ombe anayempeleka mnadani?"

Yakaanza kuingia, usiku.
Bado ipo?
Ipo.
Bei ya mwisho?
Nikataja.
Kisha kimya, siku tatu,
kimya ambacho hata bando lilikwisha likikisubiri.
Mmoja alinitumia ujumbe wa malipo
wenye kila kitu isipokuwa pesa.
Mwingine aliuliza kama mwenye vidole ameolewa.
Nekesa alicheka mpaka akakaa chini.

Wa kwanza kulipa alikuwa mwalimu, Chelimo,
wa Londiani, kule pumzi huonekana asubuhi.
Lile koti, akaandika, kifungo gani hakipo?
Cha tatu.
Hicho mimi huwa sikifungi.

Nikalikunja kwenye karatasi la saruji, nikalifunga kwa kamba ya katani.
Faida: mia moja na ishirini,
ukitoa sabuni, ukitoa bando,
ukitoa nauli ya koti,
ambalo mwaka huu limesafiri kunishinda.

Mwezi wa sita mwenye nyumba akaja na ndoo ya kijivu
akapaka milango yote, hakuuliza mtu.
Hata msumari wangu aliupaka.
Nekesa alisimama uani na ufagio mkononi
mpaka buluu ya mwisho, pale chini karibu na kizingiti,
ikazama. Hakusema neno.

Kesho yake, saa nne, nikatundika sketi ya kijani, nikapiga picha.
Wakaandika watu nisiowajua,
wa Bondo, wa Mumias, Chelimo pia:
Umehama?
Ule mlango uko wapi?

Nikampa Nekesa simu asome mwenyewe.
Alisoma polepole, kidole kikiuvuka ufa
kama anayevuka mtaro.
Kisha, bila kuinua uso, akauliza
hiyo sketi ya kijani
bei ya mwisho ngapi.