Muhuri wa Buluu

Chipsi na paja moja la kuku,
ndani ya uzio: faranga elfu kumi na tano.
Nilisoma ubao mara mbili
kama asomaye barua ya kufukuzwa kazi
akitafuta neno "isipokuwa".

Watoto ni watatu. Chola, Numbi,
na Kabwit, ambaye kwenye vikombe vizungukavyo
alishatapika chai yote ya asubuhi
na sasa, kana kwamba si yeye, anauliza tutakula nini.
Mkobani nina elfu ishirini na mbili.
Elfu kumi na moja ni ya gurudumu kubwa.
Elfu nne ni ya kuturudisha Katuba.
Nyingine hesabuni wenyewe.

Mwezi mzima wameliona kutoka uani
likijengwa nyuma ya dohani ya kiwanda,
baiskeli ya jitu fulani, imepinduliwa izibwe pancha.
Mwezi mzima wameniuliza litazunguka lini.
Hakuna aliyeniuliza saa saba mchana itakuwaje.

"Tokeni, mrudi," alisema mlinzi wa lango,
akatugonga muhuri wa buluu
katikati ya kiganja cha kulia.
"Ukifutika, mnalipa upya. Sitaki hadithi."

Basi tukavuka barabara, viganja hewani,
kama watu wanne wanaojisalimisha.

Penye michopo hatukusimama.
Mbuzi alikuwa anatokota mafuta juu ya makaa,
na muuzaji alipima kwa jicho, si kwa mizani;
nikawavuta watoto kwa mashati.
Penye chikanda Numbi alikunja pua.
Hatua arobaini mbele, chini ya mwavuli
wa kampuni ya simu iliyokwisha kufa,
Mama Mwape alikuwa anasonga bukari.
Lengalenga. Tomsoni wa kukaanga, kichwa na mkia.
Elfu tatu na mia tano sahani.
"Mbili," nikasema. "Tutagawana."

Akaleta beseni la kunawia.

"Simameni!" nilipiga kelele,
hata mwendesha pikipiki akafunga breki.
Nikamwonyesha kiganja changu. Akakitazama
kama mtu anayeonyeshwa upele.
"Huna kijiko, mama?"
"Kijiko? Hapa si hospitali."

Chola, mjanja, akanyosha mkono wa kushoto.
Ukapigwa kofi kabla haujafika.
"Kwangu haliwi hivyo."

Kisha akanawa yeye, polepole, mpaka kwenye viwiko.
Akamega tonge, akalibonyeza kwa dole gumba,
akachota mboga, akaondoa mwiba wa samaki,
akasema: "Fungua."

Na Chola, mwenye miaka kumi na mmoja,
ambaye hataki tena kushikwa mkono barabarani,
akafungua.

Wateja wawili walingoja. Mmoja alinuna.
Tonge kwa Chola, tonge kwa Numbi,
tonge dogo kwa Kabwit, lipulizwe kwanza.
Sufuria ilipokaribia kuisha aligeuka:
"Na wewe?"
Nilitaka kusema nimeshiba.
Nilikuwa sijalishwa na mtu tangu surua,
mwaka ule baba alipokuwa bado analipwa na mgodi.
Tonge lilikuwa la moto. Lilikuwa na chumvi nyingi kidogo.

Hakupunguza bei, hata faranga moja.

Langoni tulifungua viganja:
buluu, buluu, buluu, buluu.
Mlinzi alinusa, akameza mate,
akauliza, sauti ya chini, ni wapi.

Kule juu kabisa, gurudumu liliposimama
na mji wote ukabaki mabati na lundo jeusi la takataka za shaba,
Chola na Numbi hawakutafuta nyumba yetu.
Walitafuta mwavuli.
Wakaupata, mdogo kama kifuniko cha chupa,
na chini yake mtu aliyeinama akikwangua ukoko,
asiyetazama juu.

Kabwit hakutafuta chochote.
Alifumba macho, akabana midomo kwa mikono miwili.
Hiki, alikuwa ameamua, hakitoki.